Mtafuta Nafuu

Mkono wa Orval Stidham ulitangulia.

Ulitangulia kwa kufumba na kufumbua, msomaji. Tulipoachana Jumamosi iliyopita ulikuwa ukikimbizana na mkono wa mwanamke juu ya kioo cha kaunta ya duka la rehani la Verna Combs, mjini Pigeon Fork, Kentucky. Mikono miwili, bastola moja. Sasa bastola iko kiganjani mwa mzee Orval, na mkono wa mwanamke umebaki hewani kama wa mtu aliyenyimwa salamu.

"Hiyo ilikuwa yangu," mwanamke alisema.

"Ilikuwa ya kioo," Orval alijibu. "Sasa ni ya mkono."

Mwanamke akamgeukia mwenye duka. Verna alikuwa nyuma ya kaunta, miwani imepanda kichwani, anatafuna chingamu kama ana ugomvi nayo.

"Usinitazame mimi, dada. Ndiyo desturi. Ikiwa mkononi mwa mtu, mwingine haruhusiwi kutaja bei. Ngoja aiweke chini."

Desturi hiyo haikuandikwa popote, lakini katika milima ile hakuna asiyeijua. Mtu akishika bastola dukani ataigeuza, ataipuliza, ataichungulia hadi macho yamtoke. Maadamu hajaiweka chini, wengine wote ni watazamaji.

Na Orval hakuwa na haraka ya kuiweka chini. Alikuwa amekamata windo.

Alifungua gurudumu la risasi, akahakikisha ni tupu, akauelekeza mtutu kwenye taa. Nje bastola ilikuwa imechakaa. Weusi wa chuma umelika mdomoni, pale iliposuguana na ala ya ngozi miaka na miaka. Ndani ilimeta kama kijiko cha harusi. Bastola ya askari! Imebebwa sana, imefyatuliwa kidogo. Wajinga huona mikwaruzo wakapita. Orval huangalia ndani.

Tangu mkewe Nadine azikwe, majira matatu ya baridi yaliyopita, kila Jumamosi Orval alizunguka maduka ya rehani ya wilaya nzima akisaka bastola kuukuu za bei poa. Ukimwuliza anatafuta nini, jibu lilikuwa lile lile.

"Natafuta nafuu."

Watu walicheka, wakampisha.

"Basi nipe nyingine," yule mwanamke alimwambia Verna. "Yoyote."

"Nyingine iko wapi? Serikali imerudisha pesa za kodi, watu wamenipukutisha kama nzige. Zilizo nyuma ni za rehani, zina wenyewe. Ya kuuza ni hiyo moja aliyoikumbatia babu."

"Nitasubiri aiweke."

"Bei yake sasa, tunaweza kuzungum..."

"Nitalipa kama ilivyoandikwa."

Furaha ya Orval ikapoa kama chai iliyosahauliwa.

Bei ya kwenye kikaratasi ni salamu tu. Kila mtu anajua. Unaisoma, unaguna, unataja kasoro, unaaga, unafika mlangoni, unaitwa urudi. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Katika kuzunguka kwake kote, Orval hajapata kumwona mtu mwenye akili timamu akilipa bei ya kikaratasi.

Na mwanamke huyu hakuuliza kama mtutu una kutu. Hakuuliza ilikuwa ya nani. Hakuangalia nje, hakuangalia ndani.

Yoyote, alisema.

Orval akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi. Koti la kanisani, siku ambayo si ya kanisa. Viatu vimepigwa rangi. Miguuni pake, sakafuni, palikuwa na sufuria kubwa zito, lenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu na kipimo cha mvuke juu yake.

Verna naye akaliona. "Na hilo? Rehani au kuuza?"

Ndilo swali la kwanza la duka lolote la rehani. Ukisema rehani, kitu kinabaki chako. Unachukua pesa, unarudi kukikomboa. Ukisema kuuza, mmeachana nacho.

"Kuuza," mwanamke alisema.

"Sufuria la kupikia maharage ya kuhifadhi kwenye chupa? Dada, masufuria haya watu wanaachiana urithi. Mama yangu alimwacha baba yangu, sufuria hakuliacha. Weka rehani, mwezi wa saba maharage yakiiva uje ulichukue."

"Sirudi. Andika kuuza."

Verna akainua mabega, akashika kalamu. "Jina?"

"Rhoda Caudill."

Kalamu ikaandika. Chingamu ikapasuka. Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati, mvua nyembamba ya Aprili.

"Dada Rhoda," Orval alisema.

Mwanamke akashtuka kana kwamba amemwagiwa maji. "Unasemaje?"

"Nauliza tu. Jana ulipanda?"

Jana ilikuwa Ijumaa Kuu. Katika milima ile, Ijumaa Kuu hupandwa maharage. Mlokole hupanda, mlevi hupanda, asiyeamini lolote hupanda pia, asije akachekwa mwezi wa saba. Hata Orval, aliyebaki peke yake na meza ya watu wawili, alikuwa amepiga mistari yake miwili nyuma ya nyumba.

"Sikupanda," Rhoda alisema.

"Mvua?"

"Jana haikunyesha. Sikupanda tu. Nipande ya nini?"

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa kipande cha keki.

Ndipo Orval alipoelewa. Bei isiyobishaniwa. Sufuria lisilorudiwa. Maharage yasiyopandwa. Mwanamke huyu alikuwa amefunga hesabu zake na dunia, limebaki jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa katika kiganja cha Orval.

Bwana, aliomba kimoyomoyo, macho wazi. Mimi si mchungaji, wala maneno sina. Vikaze vidole hivi. Basi.

"Orval," Verna aliita, "nunua au weka. Nafunga saa kumi na moja, nina mayai ya Pasaka ya wajukuu hayajapakwa rangi."

"Naikagua."

"Umeikagua hadi imeona haya!"

"Kitu cha mitumba hakikaguliwi kwa pupa."

Miwani yake ikateleza puani. Hakuinua mkono. Pua ikamwasha. Akaikunja kama sungura, wala haikusaidia. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa palepale kwenye kaunta, kinafuka moshi, na hakuthubutu kukigusa. Mkono mmoja umeshika mpini, wa pili umeshika mtutu, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

"Mzee," Rhoda alisema, "unainunua au unaibembeleza ilale?"

Verna akaangua kicheko. Orval mwenyewe nusura acheke.

"Nataka kuongea bei."

"Ongea, basi."

"Naanza na kasoro. Hapa mdomoni imelika."

"Imelika," Verna alikubali.

"Mpini una ufa."

"Ule ni mkwaruzo, tapeli mkubwa wewe."

"Na hii skrubu si yake ya asili."

"Na meno uliyovaa si yako ya asili, mbona tunakuheshimu?"

"Naongeza," Rhoda alikatiza.

Verna akamgeukia.

"Umesemaje?" Verna aliuliza.

"Juu ya bei iliyoandikwa. Na pesa ya sufuria ubaki nayo. Mwambie aiweke chini."

Hapo, msomaji, chingamu ya Verna ilisimama. Kodi ya duka ilikuwa imechelewa, nanyi mnajua kwa nini. Mtoto wake wa kiume, tuliyemwona wiki mbili zilizopita, ndiye aliyeitumia pesa yenyewe. Desturi ni desturi, lakini desturi hailipi kodi. 

"Orval, kaka yangu. Weka chini."

"Verna."

"Weka, nimekuambia. Hili ni duka, si makumbusho."

"Verna, Dada Rhoda hakupanda maharage jana."

"Sasa hayo maharage yananihusu ni..."

Sentensi ikamfia mdomoni. Orval aliona macho yake yakitoka kwa Rhoda, yakishuka hadi kwenye sufuria, yakapanda hadi kwenye neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuliandika kwa mkono wake: kuuza. Uso ukambadilika.

Akachukua kigoda. Akapanda. Akaitoa saa ukutani, akaigeuza uso, akairudisha.

"Saa mbovu hii," alisema akishuka. "Leo hatufungi."

Rhoda akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Shingo ikamwiva kwa hasira.

"Mnanichezea?"

"Hakuna anayekuchezea, dada."

"Nimekuja kununua kama wateja wengine. Pesa yangu ina kasoro gani? Mimi si mtoto!" Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, na cha juu kabisa kikamshinda. "Basi. Kuna duka jingine ng'ambo ya mto. Kule nasikia hawana desturi zenu."

Akageuka. Hatua zake zilikuwa za haraka. Kengele ya mlangoni ikalia alipovuta mpini, ubaridi ukaingia pamoja na harufu ya mvua.

Orval hakuwa na mbinu iliyobaki. Bastola mkononi haimzuii mtu anayeondoka. Akatafuta neno la Mungu, halikuja. Akatafuta neno la busara, halikuja. Likaja la jikoni.

"Dada Rhoda! Chupa za maharage zinakaa miaka mingapi?"

Rhoda akasimama, mlango uko wazi, mgongo umewaelekea.

"Nini?"

"Ukishayahifadhi kwenye chupa. Yanakaa miaka mingapi?"

 Mtu aliyehifadhi maharage maisha yake yote hawezi kuliacha swali kama hilo likining'inia. Ni kama kumwacha mtoto aning'inie kwenye ua.

"Mwaka," alisema bila kugeuka. "Mwaka na nusu. Inategemea aliyeyapika."

"Alijua kupika. Nadine wangu. Yako chini ya ngazi. Ni ya kiangazi chake cha mwisho."

"Kiangazi cha lini?"

"Majira ya baridi matatu yamepita tangu nimzike."

Sasa aligeuka. "Na bado unayo?"

"Siwezi kuyafungua. Kila nikishika chupa naona nikiila hii, itakuwa imepungua moja. Halafu naona siku nitakayofungua ya mwisho, basi, hakuna tena chakula duniani alichokipika yeye. Naishia kurudisha rafuni. Nakula mkate na soseji." Akakohoa. "Lakini Krismasi nilifungua moja. Kifuniko kilikuwa kimevimba kidogo. Nikaona si neno, nikayala."

"Kimevimba?"

"Kidogo tu."

"Kifuniko kimevimba ukala?" Rhoda aliuacha mlango, ukajifunga wenyewe nyuma yake. Alikuja hadi kwenye kaunta akiwa amenyoosha kidole. "Wewe mzee una wazimu? Hakuna aliyekufundisha? Kikivimba ni sumu! Unatupa, unafukia, hata mbwa humpi! Utajiua, Ndugu Orval!"

Neno lilitua katikati ya duka.

Hakuna aliyeligusa. Mvua ilinyesha. Verna aliangalia mikono yake. Kidole cha Rhoda kilibaki kimenyooka, kisha polepole kikajikunja, na mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni, upande mmoja tu.

"Naam," Orval alisema taratibu. "Ilibidi mmoja wetu amwambie mwenzake."

Rhoda akakaa juu ya sufuria lake. 

"Nilimwuguza mama yangu," alisema, akiongea na sakafu. "Kutwa aliita. Rhoda, maji. Rhoda, nigeuze. Rhoda, nani anapita barabarani? Nilichoka, Mungu anisamehe. Kuna siku nilijificha bafuni nisisikie. Akafa Februari." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita jina langu. Simu ikilia ni ya matangazo. Jana niliketi kwenye kiti chake, kutwa nzima, nikasikia nyumba inavyonyamaza. Nikasema, mama sasa anaita watu wengine huko aliko."

"Dada Rhoda," Verna alisema.

"Ndiyo."

"Hapana, nimekuita tu."

Hapo Rhoda alilia. Verna akazunguka kaunta, jambo ambalo Orval hakupata kuliona tangu duka lifunguliwe, akamshika kichwa akakiegemeza tumboni kwake, juu ya aproni yenye sungura wa Pasaka. Orval alisimama mbele yao na silaha yake kama mlinzi wa benki. Akashukuru kimoyomoyo. Hakuomba neno jingine.

Baada ya muda Rhoda alijifuta uso, akasimama, akaliinua sufuria kwa mikono miwili na kulipachika juu ya kaunta, puu!

"Verna. Nimebadilisha neno."

"Sema."

"Futa kuuza. Andika rehani."

Verna alifuta kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. "Rehani yangu ni ya mwezi mmoja tu, lakini. Maharage ni mwezi wa saba. Itabidi uje kila mwezi kuisogeza mbele."

"Nitakuja."

"Usipokuja?"

"Nimesema nitakuja, mwanamke wewe! Unataka niapie?"

"Haya, haya. Yamekwisha."

"Lakini Ijumaa Kuu imepita," Rhoda alisema, na sauti ikazama tena kidogo. "Sijapanda."

"Udongo hausomi kalenda," Orval alimjibu. "Ninazo mbegu zilizobaki. Na zile chupa za Nadine mtu anayejua inabidi azikague vifuniko. Mimi sijui kinachofaa na kisichofaa. Kesho, ibada ikiisha."

Rhoda alimwangalia. Alimwangalia kwa muda mrefu, kwa jicho la mwanamke aliyeuguza, lile linalojua maumivu yako kabla hujasema yako wapi.

"Nitakuja kukagua," alisema. "Lakini nami nikuulize. Verna alipokuita babu aliyekumbatia bastola, nilidhani ni utani. Unazo ngapi nyumbani?"

"Za kutosha."

"Unawinda?"

"Hapana."

"Unalenga shabaha?"

"Siku hizi hapana. Macho."

"Unauza?"

"Sijauza hata moja."

"Kuna anayekutishia?"

Orval alijaribu kucheka. "Mimi nitishiwe na nani? Hakuna hata anayepita barabara ile."

"Sasa unatafuta nini, Ndugu Orval? Kila Jumamosi, mvua kama hii, duka hadi duka?"

"Natafuta na..."

Halikutoka. Neno alilolisema kila wiki, lililowachekesha watu wa wilaya nzima, lilimkwama kooni kama mfupa. Aliligeuza ulimini akaona lina pande mbili kama shilingi, na upande wa pili hakupata kuusoma hata siku moja. Nafuu. Mgonjwa ndiye hutafuta nafuu.

Verna alikuwa amegeukia dirishani. "Swali hilo," alisema bila kumtazama mtu, "nimeliogopa tangu siku tulipomzika Nadine. Nikawa nauza tu."

Rhoda alisogea karibu. Hakuwa tena na haraka. Alinyoosha kiganja chake, kitupu, akakilaza juu ya kioo cha kaunta, palepale bastola ilipokuwa imelala kabla mikono yao haijakimbizana.

"Mimi nimeliweka sufuria langu rehani," alisema. "Nitarudi, nimetoa neno. Kesho nitakuja kwako kukagua vifuniko. Lakini siji kwenye nyumba yenye bastola zile zote na mzee mmoja. Utazileta hapa, Verna akutunzie. Zote. Nawe useme rehani au kuuza, shauri lako." Akagonga kioo kwa kidole. "Anza na hiyo. Iweke chini."

"Nitaiweka."

"Iweke sasa."

Orval aliitikia kwa kichwa. Ni jambo dogo. Kufungua kiganja, kuachia chuma kuukuu kilale juu ya kioo, kisha anywe kahawa yake iliyopoa. Akashusha mkono hadi bastola ikagusa kaunta.

Akaviambia vidole vyake vifunguke.

Aliviambia tena.

Rhoda aliona, akavuta pumzi. Verna akageuka kutoka dirishani. Na mzee Orval Stidham, ambaye saa ile ile alikuwa ameomba vidole vyake vikazwe, alivitazama vikiwa vimeukamata mpini, vyeupe kama mshumaa, wala hakikuachia hata kimoja.